SUN SIMIAO: TABIBU ALIYEPULIZA JANI LA KITUNGUU

Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Kuna magonjwa ambayo watu huyataja hadharani bila haya yoyote. Mtu akiumwa na jino, kijiji kizima kitajua. Akishikwa na malaria, majirani watakuja kumpa pole. Lakini yako mengine ambayo mtu akiyapata huinamisha kichwa na kunyamaza jii, hata kama yanamuua. Mojawapo ni ugonjwa wa mkojo kuziba. Mzee mzima anashinda kutwa na kukesha usiku kucha bila kwenda haja ndogo. Tumbo limevimba, jasho linamtiririka, lakini hamwambii mtu, hata mkewe. Atasemaje? Ataanzia wapi?

Mpenzi msomaji, katika kurasa hizi nakuletea maisha ya tabibu mmoja wa Uchina aliyefariki zaidi ya miaka 1,300 iliyopita. Yeye hakuona haya mbele ya ugonjwa huu wala mbele ya ugonjwa mwingine wowote. Jina lake ni Sun Simiao. Sun ndilo jina la ukoo, maana Wachina hutanguliza jina la ukoo. Wananchi wa huko walimpenda hata wakampa jina la Yaowang, yaani Mfalme wa Dawa, na mpaka leo hivyo ndivyo wanavyomwita.

KUZALIWA NA UTOTO WAKE

Sun Simiao alizaliwa mahali palipoitwa Huayuan, kaskazini mwa mji mkuu wa zamani wa Chang'an, ambao siku hizi ni Xi'an. Kijiji chake kimo katika eneo la mji wa Tongchuan, mkoa wa Shaanxi. Kuhusu mwaka aliozaliwa, wataalamu wanavutana. Wengi hushika mwaka wa 581, lakini wako wanaorudi nyuma hadi 541. Kisa cha mvutano huo ni kwamba vitabu vya historia vya zamani vinamtaja akiwa na wakuu walioishi kabla ya 581. Tena, waandishi wa serikali walipokuwa wakitunga historia ya falme zilizotangulia, walimwendea kumwuliza habari za kale, naye alizisimulia kana kwamba aliziona kwa macho yake. Tukishika mwaka wa 581, basi aliishi miaka 101. Tukishika ule wa 541, hesabu inakuwa kubwa mno. Hata hivyo, wote wanakubaliana kwamba alifariki mwaka 682 akiwa mkongwe kwelikweli.

Ili tupate picha ya nyakati zile, tukumbuke kwamba Mtume Muhammad alihama Makka kwenda Madina mwaka 622. Wakati huo Sun alikuwa mtu mzima tayari. Kwao Uchina enzi ya Sui ilikuwa imeanguka mwaka 618, na enzi ya Tang ndiyo kwanza imeanza.

Utotoni Sun alikuwa mtoto wa kuuguaugua. Baridi ikimpiga kidogo tu, yuko kitandani. Wazazi wake walihangaika huku na huko wakitafuta dawa, na matabibu wa siku zile hawakuwa wa bure. Sun mwenyewe aliandika baadaye kwamba mali ya nyumba yao iliishia kwenye dawa zake. Fikiria hilo, msomaji. Mtoto analala akijua kwamba kila kikombe cha dawa anachokunywa kinawapunguzia wazazi chakula. Hali hii ilimkaa moyoni. Badala ya kunung'unika, alikata shauri kujifunza uganga yeye mwenyewe, awatibu wazazi wake, majirani zake, na baadaye kila mtu.

Kichwani alikuwa mwepesi ajabu. Inasimuliwa kwamba alipoanza masomo akiwa na umri wa miaka 7, aliweza kukariri maneno zaidi ya 1,000 kwa siku moja. Alipofika miaka 20 alikuwa akifafanua mafunzo ya Laozi na Zhuangzi, wale wanafalsafa wa Kitao, na pia vitabu vya dini ya Budha. Lakini hakuridhika na vitabu pekee. Alipopata habari kwamba kuna mtu mahali fulani anayejua dawa fulani, alifunga safari kwenda kujifunza, hata kama ni mbali na hata kama ni lazima alipie.

ALIVYOKATAA VYEO

Mtu mwenye elimu kama hiyo hafichiki. Mfalme Taizong wa enzi ya Tang, aliyetawala kutoka mwaka 626 hadi 649, alimwita Chang'an. Sun alipoingia, mfalme alishangaa kuona jinsi mzee huyo alivyokuwa bado na sura changa. Akampa cheo. Sun akakataa. Mwaka 659 mfalme aliyefuata, Gaozong, naye akamwita na kumpa cheo cha mshauri. Sun akakataa tena. Mwaka 674 aliomba ruhusa arudi nyumbani kwa sababu ya ugonjwa, na mfalme akampa farasi mzuri wa kumbeba.

Mbona alikataa ukubwa ambao wengine waliupigania mpaka wakauana? Siku zile, afisa wa mfalme hakuwa mtu wa kuingia katika kibanda cha mkulima maskini na kumshika mkono mgonjwa mwenye vidonda. Sun alitaka kubaki na wagonjwa wake. Alikaa sana milimani, akichuma mizizi na majani, akiyakausha mwenyewe na kuyajaribu.

Pamoja na hayo, alipokuwa mjini Chang'an watu wenye elimu walimfuata. Mmoja wao alikuwa mshairi mashuhuri Lu Zhaolin, kijana aliyeshikwa na ugonjwa mbaya uliomlemaza viungo. Mwaka 673 Lu alikuwa akiishi katika nyumba ileile aliyokaa Sun, nyumba ambayo uani mwake mlikuwa na mti wa peasi uliodhoofika. Alimtunza na kumfundisha. Ni kutokana na maandishi ya Lu kwamba tunajua Sun mwenyewe alisema mwaka huo kuwa alikuwa na miaka 93. Jambo la kusikitisha ni kwamba ugonjwa wa Lu haukupona, na baadaye mshairi huyo alijitosa mtoni. Hata Mfalme wa Dawa hakuweza kuponya kila kitu.

KITABU CHA DHAHABU ELFU

Kazi kubwa iliyomtia Sun katika historia ni kitabu chake kiitwacho Beiji Qianjin Yaofang, alichokimaliza karibu mwaka 652. Neno qianjin maana yake ni dhahabu elfu. Sun alikipa jina hilo kwa kuwa aliamini kwamba uhai wa binadamu mmoja una thamani kuliko vipande elfu vya dhahabu, na kwamba anayeuokoa kwa mchanganyiko mmoja tu wa dawa ametenda jambo kubwa kuliko kutoa dhahabu hiyo.

Kitabu hicho kina mafungu 30 na michanganyiko ya dawa ipatayo 5,300. Si mchezo! Miaka 30 hivi baadaye, akiwa kikongwe, alikiongezea kitabu cha pili, Qianjin Yifang, nacho kina mafungu 30.

Mpangilio wake wenyewe ulikuwa jambo geni. Baada ya fungu la utangulizi, Sun aliweka magonjwa ya wanawake katika mafungu matatu, kisha magonjwa ya watoto, ndipo akaja kwa wengine. Alieleza kwamba uhai huanzia kwa mama na mtoto, kwa hiyo hao ndio wanaostahili kuanza. Kumbuka hii ilikuwa karne ya 7!

Katika mafungu hayo mna mambo ambayo sayansi ya leo inaweza kuyaeleza. Waliovimba shingo kwa rovu aliwapa mwani wa baharini na tezi ya shingo ya kondoo. Leo tunajua kwamba rovu husababishwa na upungufu wa madini ya ayodini, nayo imejaa katika mwani. Wasioona vizuri jioni aliwapa maini. Leo tunajua kwamba maini yana vitamini A, ile inayosaidia macho kuona gizani. Yeye hakujua habari za ayodini wala vitamini. Alijua tu kwamba mgonjwa akila hiki, anapata nafuu.

Upande wa sindano nako aliongeza jambo. Waganga wa sindano walikuwa na vituo vyao mwilini vilivyopimwa na kupewa majina. Sun alifundisha kwamba tabibu abonyeze polepole sehemu inayouma, na mahali atakapomwona mgonjwa akishtuka na kukiri kwamba ndipo penyewe, hapo pia panafaa kudungwa. Vituo vya namna hiyo vikaitwa ashi, neno lenye maana ya kama aa, ndipo hapo. Kwa maneno mengine, tabibu amsikilize mgonjwa, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

MKOJO UKIZIBA

Sasa tuje kwenye kile kisa cha kitunguu.

Katika somo la Biolojia tunafundishwa kwamba figo huchuja damu na kutoa mkojo, kadiri ya lita moja hadi mbili kwa siku. Mkojo hushuka hadi kwenye kibofu, na kibofu cha mtu mzima hubeba karibu nusu lita hivi kabla ya mtu kubanwa sana. Ikiwa njia ya kutokea imezibwa, figo haziachi kazi. Zinaendelea kuchuja, na kibofu kinaendelea kujaa mpaka kinakuwa kama mpira uliotiwa pumzi kupita kiasi. Maumivu yake hayasimuliki. Mkojo ukikosa pa kwenda husukuma nyuma hadi kwenye figo, na figo zikiharibika, mtu yuko hatarini kufa.

Wanaume wazee hupatwa na shida hii hasa kwa sababu ya tezi dume, ambayo hukua uzeeni na kuubana mrija wa mkojo. Lakini si wazee tu. Mama aliyetoka kujifungua anaweza kuzibwa, na pia mtu aliyetoka kupasuliwa, aliyeumia uti wa mgongo, au mwenye vijiwe.

Wachina wa kale waliujua ugonjwa huu vizuri na kuuita longbi. Sehemu ya kwanza ya neno hilo ni mkojo unaotoka kwa matone na kwa taabu, na sehemu ya pili ni mkojo uliofunga kabisa. Kitabu chao cha kale cha uganga, Huangdi Neijing, kilifananisha viungo vya ndani na maafisa wa serikali, kila mmoja na kazi yake, na kibofu kikawa ndiye afisa wa kusimamia maji. Maji hayo, kwa fikira zao, hayatoki yenyewe. Ni lazima yasukumwe na qi, ile nguvu ambayo waliamini huzunguka mwilini kama pumzi. Qi ikikwama, mkojo nao unakwama.

Kwa hiyo tiba zao zililenga kuifungua njia ya qi. Tabibu Zhang Zhongjing, aliyeishi miaka 400 hivi kabla ya Sun, aliacha mchanganyiko wa vitu vitano uitwao Wuling San, wenye uyoga, mizizi na vitawi vya mdalasini, kwa mtu mwenye kiu ambaye mkojo wake hautoki vizuri. Mbegu za mmea uitwao cheqian zilichemshwa ili kuongeza mkojo. Wenye sindano walidunga kituo cha Zhongji, chini ya kitovu karibu na mfupa wa kinena, na kile cha Sanyinjiao, upande wa ndani wa mguu, vidole vinne juu ya kifundo. Wengine waliunguza majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga karibu na ngozi ili joto lipenye.

Tiba zote hizo zinahitaji muda. Dawa ichemshwe, inywewe, ishuke. Je, kwa mtu ambaye kibofu kinakaribia kupasuka? Kumpa maji ya dawa anywe ni kumwongezea mzigo. Hapa ndipo Sun alipotia fora.

Masimulizi ya Wachina yanasema kwamba siku moja aliletewa mtu ambaye tumbo lake lilikuwa gumu kama ngoma. Sun akaona kwamba dawa haitawahi. Akafikiri: kama maji hayatoki yenyewe, kwa nini usiingizwe mrija wa kuyafungulia njia? Lakini mrija gani? Mwanzi ni mgumu, utamchana mgonjwa. Unyasi utavunjika. Akiwa katika kuwaza, akamwona mtoto akicheza kwa kupuliza jani la kitunguu. Jani hilo ni jembamba, ni laini, linateleza, na lina uwazi ndani. Basi akapata jibu.

Hayo ya mtoto ni masimulizi, na masimulizi hutiwa chumvi. Lakini tiba yenyewe imeandikwa waziwazi katika fungu la 20 la kitabu chake. Anaagiza kwamba jani la kitunguu likatwe ncha, liingizwe taratibu katika tundu la uume kwa kina cha cun 3, kisha tabibu apulize kidogo kwa mdomo mpaka kibofu kitutumke, na hapo maji yatafunguka na mgonjwa atapona. Basi. Hakuna maneno mengi.

Cun 3 ni kama upana wa vidole vinne, yaani sentimita 7 hadi 9 hivi. Mrija wa mkojo wa mwanamume mzima una urefu wa karibu sentimita 20. Ukipiga hesabu utaona kwamba jani peke yake halikufika kwenye kibofu. Ile pumzi ndiyo iliyotakiwa kuisukuma njia iliyobaki.

Sitaki kumpaka Sun mafuta kwa mgongo wa chupa. Yeye hakuwa mtu wa kwanza duniani kutumia mrija wa namna hii. Wagiriki na Warumi walikuwa na mirija ya shaba, na mingine imefukuliwa katika mji wa Pompeii, uliofunikwa na majivu ya mlima Vesuvius mwaka 79. Lakini mirija hiyo ilihitaji fundi wa kuifua. Ya Sun iliota bustanini. Mkulima wa mwisho kabisa katika kijiji cha mwisho kabisa alikuwa na kitunguu.

MDOMO WA TABIBU

Hebu tusimame hapa kidogo, maana hapa ndipo penye uzito. Tabibu aliyeitwa na wafalme, aliyekataa vyeo, mjuzi wa falsafa, anapiga magoti mbele ya mgonjwa na kuweka mdomo wake kwenye jani hilo. Mkojo ukitoka kwa ghafla, utamrukia nani? Wengi wetu tungekunja uso na kutafuta mtu wa kutumwa. Yeye aliiandika kama jambo la kawaida la kazi.

Ukitaka kujua alipata wapi moyo huo, fungua mwanzo wa kitabu chake, pale alipoweka maelezo ya jinsi tabibu mkuu anavyopaswa kuwa. Watu huyafananisha na kiapo cha Hippocrates wa Ugiriki. Sun anafundisha kwamba mgonjwa akija, tabibu asiulize kama ni tajiri au maskini, mzee au kijana, mzuri au mbaya wa sura, rafiki au adui, mwenyeji au mgeni, mwerevu au mjinga. Wote awaone kama ndugu zake wa karibu. Asiogope usiku, baridi, jua, njaa wala uchovu. Akikuta vidonda vinavyonuka au mtu anayeharisha, asioneshe kinyaa hata kidogo, bali awe na huruma. Akiingia katika nyumba ya kitajiri asikodolee macho hariri, wala asifurahie muziki na vyakula ilhali kuna mtu anaumwa chumba cha pili. Asiwaseme vibaya matabibu wenzake ili yeye aonekane bora. Na asitumie elimu yake kutafutia mali.

Hata wanyama aliwaonea huruma. Alifundisha kwamba kuua kiumbe hai ili kumponya kiumbe mwingine ni kwenda mbali na uhai wenyewe. Yai la kuku aliliruhusu tu palipokuwa na dharura kubwa.

Je, alitenda aliyoyasema? Ushahidi upo. Wakati ule wenye ukoma walikimbizwa na kila mtu. Sun aliwatibu kwa mikono yake zaidi ya 600, akiwatunza mmoja mmoja, na akaandika kwa uaminifu kwamba waliopona walikuwa kama mmoja kati ya 10. Ni waganga wangapi wanaoweza kukiri kwamba katika kila wagonjwa wao 10, walishindwa na tisa? Mganga wa uongo huponya wote, kwa maneno.

Wananchi nao wakamtungia hadithi. Inayopendwa sana ni ile ya chui milia aliyemjia akiwa amekwamwa na mfupa kooni. Sun akatia pete ya chuma katikati ya taya za mnyama ili asiweze kufunga kinywa, akapitisha mkono na kuuchomoa mfupa. Tangu siku hiyo mnyama huyo akawa mlinzi wake. Ndiyo maana michoro mingi humwonesha Sun akiwa na mnyama huyo mkali pembeni, ametulia kama paka.

KIFO CHAKE NA YALIYOBAKI

Sun Simiao aliaga dunia mwaka 682. Aliacha wosia kwamba azikwe bila makuu. Asiwekewe vyombo vya thamani kaburini kama desturi ilivyokuwa, wala mnyama yeyote asichinjwe katika matambiko yake. Aliishi bila vyeo na akaondoka bila vyeo.

Vitabu vyake havikufa. Mwaka 984 huko Japani tabibu Tamba Yasuyori alichukua mengi kutoka kwake alipotunga kitabu chake cha Ishinpo. Mwaka 1066, katika enzi ya Song, wataalamu wa serikali ya Uchina walikihariri upya kitabu cha dhahabu elfu. Mlima wa kwao umepewa jina la Yaowangshan, Mlima wa Mfalme wa Dawa, na pana hekalu lake na mawe yaliyochongwa maagizo ya dawa ili yeyote apitaye asome bila malipo. Mwaka 1962 serikali ya Uchina ilitoa stempu za posta zenye picha yake.

Wazo la kumfungua mgonjwa wa mkojo nalo liliendelea. Zaidi ya miaka 600 baadaye, tabibu Zhu Danxi (1281-1358) aliwatapisha kwa makusudi baadhi ya wagonjwa waliozibwa. Alifananisha mwili na chombo cha maji chenye matundu mawili: ukiziba la juu, la chini halitiririshi. Mtu yeyote aliyewahi kutoboa mkebe wa mafuta ya kupikia anajua kwamba tundu moja halitoshi. Na katika miaka ya 1930, Frederic Foley wa Marekani alitengeneza mrija wa mpira wenye kipulizo kidogo kinachoushikilia ndani ya kibofu. Huo ndio mpira wa mkojo unaotumiwa hospitalini hadi leo, hata hapa kwetu. Ni laini, una uwazi ndani, unateleza. Kwa umbo, hauko mbali na jani la kitunguu.

Siku hizi katika hospitali nyingi za Uchina sindano bado hutumiwa kwa wanawake waliozibwa baada ya kujifungua na kwa waliotoka kupasuliwa. Watafiti wanaendelea kuzichunguza, na ushahidi bado haujawa imara wa kutosha kusema kwamba sindano peke yake inatosha. Tena si kila alichoandika Sun ni cha kuigwa. Zebaki, kwa mfano, aliitumia katika dawa, na leo tunajua kuwa ni sumu. Na tafadhali, asijaribu mtu kutia jani la kitunguu mahali popote! Litampa vijidudu na kumjeruhi. Mkojo ukifunga, dawa ni moja: hospitali, tena mara moja, usiku au mchana.

TUNALOJIFUNZA

Wanafunzi wenzangu, miongoni mwetu wako wanaotamani kuwa madaktari na wauguzi. Alama nzuri za Biolojia na Kemia zitawafikisha mlangoni pa chuo. Lakini mgonjwa aliyejaa haya hatakupima kwa alama zako. Atakutazama usoni. Akiona umekunja pua, atarudi nyumbani na siri yake, na kilio kitaifichua. Sun alijua jambo hili kwa kuwa yeye mwenyewe aliwahi kuwa mtoto mgonjwa aliyewamaliza wazazi wake mali.

Na sisi ambao hatutakuwa madaktari tunalo letu pia. Nyumbani tunao akina babu na akina mjomba. Ukiona babu anaamka mara tano usiku kwenda msalani, au anasimama huko muda mrefu na anatoka akiwa na uso wa maumivu, usimcheke na wala usijifanye huoni. Mwambie baba au mjomba azungumze naye kwa heshima, faraghani, mwanamume kwa mwanamume, kisha apelekwe akapimwe. Tezi dume ikigunduliwa mapema ina matibabu. Mwili wa mzee si jambo la aibu. Aibu ni kumwacha afe kwa sababu hakuna aliyethubutu kuuliza.

Sun Simiao hakuacha jumba wala shamba. Aliacha vitabu, akaacha na mfano wa mtu aliyeuona uhai wa maskini aliyevimba tumbo kuwa bora kuliko dhahabu elfu. Wachina wamemkumbuka kwa karne 13. Si haba kwa mtu aliyepuliza jani la kitunguu.